Udongo Tuliouchota Mahame

Walimmwagia udongo kichwani. Kapu zima. Ulikuwa udongo mweusi wenye unyevu, una vipande vya mizizi na majani yaliyooza, ukamshukia mama mkwe wangu kwenye kilemba, kwenye nyusi, ukamwingia shingoni ndani ya kaniki, na mkutano mzima ukazomea. Aliyemwaga ni katibu wa kijiji. Hakumtuma mgambo, alimwaga kwa mikono yake mwenyewe, kisha akaligeuza kapu na kulipigapiga kwa chini ili hata chembe isibaki.

"Haya, rudisha rutuba ya watu!" akasema. "Uliyoiba kwa uchawi wako, irudishe hapa hapa!"

Mama mkwe hakulia wala hakujifuta. Alimkazia macho mtu mmoja tu, bwana shamba, aliyekuwa amesimama pembeni na baiskeli yake. Bwana shamba akaona anatazamwa. Akainama, akachomoa pampu, akaanza kujaza upepo tairi la nyuma. Tairi lile lilikuwa limejaa. Nilikuwa karibu, mtoto mgongoni, nikaliona limekaza kama ngoma, na yeye anapiga pampu tu, fyu, fyu, mpaka mkutano ukaisha.

Watu wananiambia yamepita. Mume wangu ndiye wa kwanza kuniambia, na hata sasa ninapoandika anapita nyuma yangu anakohoa. Yamepita kwake. Binti yetu, yule aliyekuwa mgongoni siku ile, alishaposwa na posa ikarudishwa, kwa sababu mtu wa kijiji kile alikwenda kuwanong'oneza wakwe: mnaoa mjukuu wa mchawi, mjue. Alipopata mchumba mwingine, yakawa yale yale. Sasa amepata wa tatu, kijana wa Bukene, na ndugu zake wameanza kuulizauliza. Ndiyo maana silali vizuri, nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kwenda. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini hili nitaliandika.

Kwanza tulikotoka. Kaya yetu ilikuwa nusu siku kwa miguu kutoka stesheni ya Tura, kando ya njia ile ya zamani ya misafara. Wanawake wa kaya ile waliwauzia wapagazi kunde na njugu mawe tangu wakati wa mabibi wa mabibi, kwa hiyo lilikuwa shamba lililozoea kulisha watu. Nilipoolewa pale nilikuta mama mkwe analima hivi: mwaka ukianza tunakwangua nyasi na mabua ya mwaka jana, tunayalaza mferejini, tunageuzia udongo juu yake. Tuta jipya linakaa palipokuwa mfereji. Juu ya tuta mahindi, katikati ya mahindi kunde, ubavuni karanga au njugu mawe, na boga huku na huku lijitambalie lenyewe. Nilitoka nyumba ya watu waliopanda tumbaku, kwetu kila kitu kilikaa kwa mstari, nikamuuliza kwa nini anachanganya namna ile.

"Mahindi peke yake yanapata upweke," akanijibu.

Nilidhani ananitania. Baadaye nikajua hakuwa na jibu jingine. Alifanya alivyoona kunafanywa, basi, na chungu kilikuwa na mboga mwaka mzima, kwa sababu kiangazi tulikula nsansa, yale majani ya kunde tuliyoyakausha.

Ikaja amri ya kuhamia vijijini. Sisemi yote yalikuwa mabaya. Zahanati ya kwanza niliiona kijijini, na kisomo cha watu wazima mume wangu alikipata huko. Nasema namna walivyotuhamisha. Lori lilikuja asubuhi na mgambo, wakapanda juu ya paa wakaling'oa ili tusirudi, na katibu wa kijiji akisimama chini anaelekeza kama anajenga, kumbe anabomoa. Hawakutupeleka mbali. Walitupeleka tu pasipo petu. Ukitoka kijijini jogoo wa kwanza unafika mahame, yaani pale pa zamani, na kurudi kabla kengele ya shamba la kijiji haijagongwa.

Shamba la kijiji na vile vipande nyuma ya nyumba vilifunguliwa kwa tingatinga. Lilisukuma miti, lilisukuma visiki, na udongo wa juu wote ukaenda pembeni pamoja na visiki, ukarundikwa na kuchomwa moto. Kilichobaki kilikuwa chekundu na kigumu. Udongo wa kwetu mvua ya kwanza ikinyesha unanuka mpaka mtu anataka kuula. Ule ulinuka kama tofali.

Amri ya pili ilikuwa ya mazao. Mahindi matupu, kwa mistari ya kamba, hata kwenye kipande chako mwenyewe. Katibu alisema kuchanganya mazao ni kilimo cha ubinafsi. Mpaka leo sijajua kunde ina ubinafsi gani.

Mama mkwe alichanganya vilevile, nyuma ya nyumba, mahindi yakiwa mbele ili mpita njia aone mistari. Zikaota kunde, zikafika kifundo cha mguu, zikageuka njano. Mahindi nayo njano. Kijiji kizima kilikuwa cha rangi moja. Tulikula unga wa msaada bila mboga, na binti yangu aliyekuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa akawa anavimba miguu. Mama mkwe alikuwa akimbonyeza mguu kwa kidole, anatazama lile shimo linavyochelewa kurudi, anainuka anakwenda tena kwenye zile kunde zake. Siku nzima ni hivyo, kwenye mguu wa mtoto, kwenye kunde, kwenye mguu wa mtoto.

Hapo ndipo anapoingia bwana shamba. Alikuwa kijana, ametoka chuoni, na alikuwa Mzaramo. Anayetoka huku kwetu ameshaelewa. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo, na wengine kufia huko na kuzikwa na wenyeji wao. Mtani anakutukana usikasirike, anachukua kuku wako usimdai, na kwenye msiba wako ana kazi yake. Kwa hiyo bwana shamba kwetu hakubisha hodi kama mtu wa serikali.

"Watumwa wangu mpo?" aliita siku ile, anaegemeza baiskeli.

"Tupo, mla papa," mama mkwe akamjibu. "Umenusa ugali ukiwa wapi?"

"Ugali gani, wenyewe mnakula unga wa njano wa msaada. Nimekuja kuwaangalia vichwa. Mlibeba mizigo mpaka vikawa bapa, sasa naona hata kunde zinawashinda."

"Zimekuona wewe zikaugua. Mtu wa kwenu anajua kunde? Nyinyi mnalala chini ya mnazi mnasubiri nazi idondoke mle."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akang'oa kunde moja, akaifuta udongo kwenye suruali yake, akatuonyesha mizizi. Ilikuwa mitupu, laini kama nyuzi.

"Kule kwenu mahame mlikuwa mkiing'oa mnaona nini hapa?"

"Vijipele," nikasema. Kila mtu aliyelima kunde ameviona.

"Vinundu. Vile si ugonjwa. Ndani yake mna wadudu, wadogo hata jicho haliwaoni, wanaishi udongoni. Wakiona mzizi wa kunde wanaingia wanakaa. Kunde inawapa chakula, na wao wanachukua kitu kwenye hewa wanakigeuza mbolea. Mahindi yakiwa jirani yanapata makombo."

Mama mkwe aliichukua ile kunde akaigeuzageuza. "Kwa hiyo kunde ana wapangaji."

"Ana wapangaji."

"Wanalipa kodi?"

"Wanalipa kwa mbolea, kizee changu, tena hawacheleweshi kama nyinyi."

"Na hapa wako wapi?"

"Hapa tingatinga limewahamisha na moto umewamaliza. Na mkipanda mahindi tu kila mwaka hata waliobaki watapungua, hawana pa kuingia. Wapangaji wenu wako mahame."

Mama mkwe akafikiri. "Hao nao watatumiwa mgambo wawalete?"

"Mgambo ni wewe," akasema. "Chota udongo pale zilipokuwa kunde zako, konzi moja kila shimo, pandia humo." Akasimama, akajipangusa, akatazama nyumba ya pili. "Lakini mimi sijasema. Amri ni mahindi."

Maneno hayo ni yake. Nilikuwepo, namkorogea mtoto uji.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa mjini halijui. Huku kwetu mtu hachoti udongo wa shamba akatembea nao. Samadi atabeba, mbegu atabeba, udongo hapana. Tunaamini mwenye kuchota udongo wa shamba la mwenzake amechota na mavuno, kwake patakuwa kijani na kwa mwenzake patakuwa njano. Ni uchawi wa zamani na watu wameuawa kwa ajili yake. Mama mkwe alilijua hilo kuliko mimi, na nilimwambia.

"Udongo ni wangu," akasema. "Nautoa kwangu naupeleka kwangu. Nani atanishtaki, mimi mwenyewe?"

Hata hivyo alilifunika kapu kwa majani. Hilo ndilo lililoharibu. Angelibeba wazi labda wangecheka. Mgambo mmoja, kijana wa nyumba ya tano kutoka kwetu, alikutana naye alfajiri njiani, akamsaidia kutua mzigo kwa adabu, "Shikamoo bibi," "Marahaba mwanangu," na alipofunua majani akitegemea mboga akaona udongo. Akayarudisha majani. Alimtwisha tena. Aliyekwenda kuambiwa ni katibu, na katibu akaliweka moyoni.

Tulipanda upya, kila shimo konzi yake, mvua bado zikiwepo. Sitaki kusema ni muujiza. Palikawia, mpaka tukaanza kuona aibu sisi kwa sisi. Kisha kunde zikabadilika rangi, majani yakawa mapana, na mahindi yaliyokuwa katikati yake yakafuata polepole, wakati yale ya mbele niliyoyapanda peke yake kwa ajili ya macho ya watu yalibaki njano. Mama mkwe aling'oa kunde moja, akapasua kinundu kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama.

"Wamefika!" akaita. "Mkwe wangu, njoo, wapangaji wamefika!" Nikamwona anacheza, mtu mzima yule, na kunde mkononi. Mtoto tukaanza kumpa mboga ya majani, na miguu ikanywea.

Wageni wa wilaya walikuja kukagua shamba la kijiji. Walitembezwa kwenye ekari za njano, katibu anasema mvua, katibu anasema ndege, katibu anasema mbegu mbaya. Mgeni mmoja akajitenga kwenda kujisaidia nyuma ya nyumba zetu, akarudi anafunga mkanda.

"Mbona kuna kipande kule kijani kabisa? Huyu alitumia mbolea gani?"

Katibu akamtazama bwana shamba. Na bwana shamba, mtu aliyejua jibu lote, kuanzia mzizi mpaka jani, akasema, "Nitafuatilia, mheshimiwa." Angesema siku ile wangemuuliza kwa nini yeye mwenyewe amepinga amri. Hilo ndilo aliloliogopa. Kazi.

Katibu alihitaji sababu ya ile njano kabla wageni hawajarudi. Mimi naamini hakuwa na imani na uchawi hata kidogo, alikuwa mtu wa magazeti na redio. Lakini alikuwa na habari ya kapu. Akagonga kengele ya mkutano, akamtuma mgambo amkamate mama mkwe siku hiyohiyo akiwa na mzigo kichwani, maana alikuwa bado anaongezea kipande cha karanga, akamsimamisha mbele ya watu ambao mahindi yao yamekufa. Alichosema ni, "Ndugu wananchi, mlikuwa mnauliza rutuba yenu imekwenda wapi." Yaliyobaki watu walimalizia wenyewe. Majirani tuliokopeshana nao chumvi walizomea. Mume wangu alikuwa amesimama na wanaume, akatazama chini, na nimemwambia nitaliandika, nimeliandika.

Mtu mmoja tu angeweza kulizima jambo lile bila kugombana na yeyote. Mtani. Mtani huongea mbele ya mtemi, mbele ya maiti, mbele ya nani, na hakuna anayekasirika. Angepaza tu sauti: "Mwacheni kizee changu huyo, hana akili ya uchawi, huo udongo nilimtuma mimi." Watu wangecheka. Naijua hewa ya mkutano ule, ilikuwa inatafuta pa kutokea, wangecheka na kutawanyika. Yeye akajaza upepo tairi zima.

Siku ileile mgambo waliingia kwenye kipande chetu waking'oa. Waliacha mahindi, waling'oa kunde, maboga, karanga zikiwa na maua, wakazirundika njiani zikanyagwe. Mama mkwe akaambiwa asilale kijijini. Akaondoka na jembe na chungu, akarudi mahame, akaegemeza nyasi kwenye ukuta uliobaki akakaa humo. Ilikuwa mvua za mwisho, zile zenye upepo. Nilipeleka chakula mara ya kwanza, nikakamatwa, katibu akasema nikirudia mtoto wangu ataondolewa kwenye orodha ya unga. Nikamwomba mume wangu aende yeye, ni mama yake. "Tusubiri yapoe," akasema. Yalipopoa na mama yake alikuwa amepoa. Tulimkuta amelala ubavu, kifua kimembana, na mbele ya kile kibanda ameshaanza kuinua tuta.

Tulimzika hukohuko. Mzaramo akiwepo, mazishi ya Mnyamwezi yana kelele. Mtani analala kaburini anadai hatoki mpaka apewe kuku, anawaambia wafiwa wasijifanye wanalia, wanacheka huku machozi yanatoka, ndiyo kuzikana kwenyewe. Bwana shamba tulimtumia habari. Tukajibiwa amekwenda Tabora kufuata mbegu. Mama mkwe akazikwa kimya kama mtu asiye na watu.

Katibu alikufa miaka mingi iliyopita, akazikwa kwa hotuba. Kwake sina pa kugonga. Bwana shamba alipanda cheo, akapanda tena, na mwaka juzi kikundi chetu cha akina mama kiliitwa semina Tabora mjini, nikamkuta mbele ya ubao, nywele nyeupe, miwani, amekuwa mtaalamu. Alikuwa ameshika kunde iliyong'olewa. Akasema shamba la mahindi matupu mwaka hata mwaka udongo wake unabaki na wadudu wa aina chache, lakini ukichanganya na kunde, kila mzizi unaita wageni wake, wanakuwa wa aina nyingi, wanalishana, hata magonjwa yanapungua nguvu. Akasema kilimo mseto ndiyo siri. Akina mama wakaandika. Mimi nikanyoosha mkono juu.

"Mtaalamu, mtu akitaka kuwapeleka wadudu hao kwenye shamba jipya anafanyaje?"

"Swali zuri sana, mama! Anachota udongo kidogo kwenye shamba la zamani la kunde..."

"Na wakimwita mchawi?"

Ukumbi ukacheka. Na yeye alicheka, kisha akaniangalia vizuri, na nikaona jina la kijiji linamjia usoni.

"Mama, tubaki kwenye mada," akasema. "Nadhani chai iko tayari."

Nilimfuata kwenye chai. Alikuwa ameshaondoka.

Basi sasa nasema hapa, na anayemjua amfikishie. Sitaki kitu chake. Kuombwa radhi chumbani pia sitaki. Kijiji kile kipo, na mkutano wao upo, mwenyekiti wa sasa ni kijana na nimeshakwenda kumwomba nafasi, akanipa, iwe kabla ndugu wa yule mchumba hawajamaliza kuulizauliza. Waliozomea bado wengine wako hai, na watoto wao ndio wanaonong'oneza wakwe zangu. Naitaka sauti yake ile ile ya semina isimame mchana mbele ya watu hao iseme: yule mama hakuwa mchawi, ni mimi niliyemwambia auchote, nilikuwepo alipomwagiwa na nilinyamaza. Asipokuja, aniandikie kwa mkono wake kwamba hatakuja na aeleze kwa nini, nikasome mimi mbele yao. Lakini ajibu. Mama mkwe wangu alimwita mtani, akamlisha ugali wake wa mwisho mwisho, akafa kwa kumsikiliza yeye. Nani mwingine wa kujibu?